Kikohozi cha Heshima

Msomaji aliyenifuata tangu mwanzo anajua kwamba sikuhamia kwa binti yangu kwa hiari yangu. Nilihamishwa, kama godoro.

Asiyenifuata nitampa muhtasari, kwa kuwa sipendi mwanafunzi aingie darasani asijue somo limefika wapi. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, tena mgane. Nilianguka kutoka kwenye ngazi nilipokuwa nikizibua mfereji wa paa la nyumba yangu. Hakikuvunjika kitu, isipokuwa hoja yangu kwamba naweza kuishi peke yangu.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, akanileta kwenye fleti yake, ghorofa ya nne. Mumewe, ambaye ni fundi wa lifti, akasema: ikiwa baba wa mke ameletwa, mama wa mume ataachwaje? Akamleta mama yake mzazi, mjane, mshonaji wa nguo aliyestaafu kwa sababu ya macho. Akapewa chumba kinachotazamana na changu.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipotoka bafuni asubuhi ya kwanza, nimejifunga taulo, nikakutana uso kwa uso na mkwe mwenzangu huyo katikati ya korido.

Baadhi yenu mmeuliza, bila haya, kama taulo lilianguka. Halikuanguka. Lililegea. Baina ya kulegea na kuanguka ipo tofauti, na tofauti hiyo niliishika kwa mikono miwili.

Mkwe aligeukia ukuta. Nami nikageukia ukuta wa pili. Tukasimama hivyo kama wanafunzi watoro, kila mmoja akingoja mwenzake apite, na hakuna aliyeweza kupita bila kugeuka. Mwishowe nilirudi kinyumenyume hadi chumbani, nikipapasa ukuta, nikaugonga mlango kwa kisigino na kuufunga kwa goti.

Kuanzia hapo ikatungwa sheria ambayo haikujadiliwa katika kikao chochote.

Kabla ya kutoka chumbani, unakohoa. Ukisikia kimya, njia ni nyeupe, toka. Ukijibiwa kwa kikohozi, mwenzako yuko koridoni, kwa hiyo usitoke. Sikumwambia Mkwe, wala yeye hakuniambia. Watu waliolelewa vema hawahitaji kuelezwa.

Vijana wataona huo ni upuuzi. Lakini mkwe ni mkwe. Mbele ya watoto tulisalimiana kwa adabu, yeye akiitazama sakafu, mimi nikiitazama dari. Chakula cha jioni alipelekewa chumbani, nami nilikula sebuleni. Hivyo ndivyo tulivyolindana: tulilindana hadi tukakaribia kuuana.

Nieleze jinsi tulivyokaribia kuuana.

Binti yangu na mumewe walitoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu. Mume wa binti yangu hutengeneza lifti za mji mzima, lakini hiyo ya kwao, alisema, ina mkandarasi wake, na kuigusa ni kuingilia riziki ya mtu. Kwa hiyo goti langu, bovu tangu siku ya ngazi, lilibaki ghorofani, nami nikabaki nalo.

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa rimoti.

Sipendi televisheni. Inazungumza bila kunyoosha mkono. Nikakaa sebuleni, au chumbani, au kitandani, nikilisikiliza jokofu likinguruma. Siku moja nilijikuta nikiliambia, "Nyamaza, mwenzako anazungumza." Likanyamaza. Nikaogopa.

Chakula kikawa kama pamba mdomoni. Usingizi ukanijia vipande vipande. Kila jioni binti yangu alinifunga mkononi mkanda wa mashine ya presha, na kila jioni tarakimu zilipanda. Akapunguza chumvi. Zikapanda. Akaiondoa chumvi kabisa. Zikapanda, pamoja na hasira zangu.

Kisha alivuka korido kwenda kumpima Mkwe, nami nilisikia akiambiwa maneno yale yale. "Mama, imepanda tena. Unakula kweli?"

"Nakula, mwanangu."

"Mbona sahani imejaa?"

"Nimeila kwa macho."

Niliona ajabu. Nilikuwa chini ya paa moja na damu yangu, nikitunzwa kama yai, na bado tangu asubuhi hadi magharibi sikuwa na mtu wa kunibishia. Mtu asiyebishiwa huoza polepole. Jambo hilo halikuwamo katika vitabu vya afya nilivyofundishia.

Mambo yaliharibika siku binti yangu alipopumzika nyumbani. Alinikuta koridoni nikielekea jikoni kutafuta maji. Wakati huo huo, nyuma ya mlango wake, Mkwe akakohoa.

Nilikuwa koridoni, na sheria ni sheria. Nikajibu, "Kho, kho."

Binti yangu akasimama. "Baba, umeanza lini kukohoa?"

"Sikohoi."

"Umekohoa sasa hivi mbele yangu!"

"Hiyo ilikuwa koo tu."

"Na Mama naye, ni koo tu?"

"Sijui. Sijawahi kumuuliza."

Akaweka mikono kiunoni, kama marehemu mama yake. "Mmeambukizana."

"Tumeambukizana vipi? Hatujawahi kukaa chumba kimoja hata dakika!"

"Hewa, Baba. Hewa haina heshima."

Hapo ningeweza kusema kweli, nayo ingetuweka huru. Lakini ningesema nini? Kwamba kile ni kikohozi cha hodi? Hodi ya nini? Ningelazimika kuanzia kwenye taulo, na baba mzazi hasimulii habari za taulo mbele ya bintiye. Nikanyamaza. Mkwe naye, nyuma ya mlango, akanyamaza kwa sababu hizo hizo.

Kesho yake tulipewa vikopo vya makohozi.

"Toa, Baba."

"Sina."

"Jana ulikohoa nini?"

"Nilikohoa hewa."

Majibu yalirudi safi. Binti yangu hakuridhika. Muuguzi akikosa ugonjwa mmoja hutafuta wa pili. Akasema basi ni vumbi. Akaamuru barakoa, milango ifungwe, kila mtu chumbani kwake, na chakula kiletwe kwa sinia. Kisha akaleta chupa ya dawa ya kikohozi, nyeusi, chungu kama shubiri, akatangaza: "Kila nitakaposikia mtu anakohoa, kijiko kimoja."

Na ili asikie vizuri akabadili zamu. Akawa anafanya kazi usiku na kulala nyumbani mchana. Usingizi wa muuguzi ni wa namna yake: ngurumo haimwamshi, ila ukisafisha koo tu, anakuja na kijiko.

Hebu tafakari hali yangu. Kutoka bila kukohoa ni utovu wa adabu. Kukohoa ni kijiko. Na mzee wa umri wangu hawezi kukaa chumbani mchana kutwa bila kwenda mahali.

Nilijaribu kukohoa kwa siri, ndani ya mto. Nikanywa kijiko.

Siku ya pili ya adhabu hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu, nimeshika kitasa, mguu mmoja ukiubembeleza mwingine, ndipo niliposikia mnong'ono.

"Mwalimu. Upo koridoni?"

Nilidhani ni jokofu.

"Mwalimu!"

"Hapana, Mama," nikanong'ona. "Nipo ndani."

"Basi napita."

Kandambili zikapita. Baada ya muda zikarudi, mlango ukafungwa.

"Nimekwisha pita."

"Ahsante kwa taarifa, Mama."

"Taarifa! Kwani hapa ni stesheni?"

Nikacheka. Kicheko kilinitoka puani, kidogo, kama cha mtoto anayecheka kanisani. Nilipokwenda mahali pangu na kurudi, bado nilikuwa nikicheka.

"Nami nimekwisha pita," nikasema.

"Nimesikia. Hiyo suruali yako, mguu wa kushoto, upindo umefumuka."

"Umeionaje, Mama? Mlango umefungwa!"

"Sijaiona. Naisikia inaburuzika tangu nilipofika. Inanikosesha usingizi. Itundike kwenye kitasa changu, nenda zako, nitaishona."

"Lakini macho yako?"

"Kushona upindo hakuhitaji macho. Kunahitaji hasira. Lete."

Niliitundika. Jioni ilirudi kwenye kitasa changu, imekunjwa, upindo umenyooka kama mstari wa rula. Sikulala haraka usiku huo, lakini mara hii haikuwa kwa sababu ya upweke. Nilikuwa natafuta la kumjibu kuhusu stesheni.

Binti yangu hakusikia tena kikohozi, na aliporudi kwenye zamu ya mchana, minong'ono ikawa mazungumzo.

Niliweka kiti nyuma ya mlango wangu, nikauacha wazi kwa upana wa kidole. Mlango wa pili nao ukaachwa wazi kwa upana wa kidole. Hatukuonana. Heshima ilibaki mahali pake, katikati ya korido, kama mlinzi anayesinzia.

"Mwalimu, unasoma gazeti kimoyomoyo kama mtu anayeficha kitu. Miwani yangu imevunjika. Soma kwa sauti."

"Vema. Nianze na tahariri."

"Anza na tanzia."

"Mama, tahariri ndiyo roho ya gazeti."

"Tahariri haina wafiwa. Soma tanzia."

Nikasoma. Mzee fulani, mfanyabiashara, ameacha watoto kumi na mmoja.

"Na katika picha amevaa nini?"

"Koti."

"Limekaa vizuri mabegani?"

"Halikukaa vizuri. Limempwaya."

"Basi ni la kuazima. Nimeshona makoti, nayajua. Maskini! Amekufa na koti la watu. Sijui mwenyewe atalidai vipi."

"Mama, marehemu hasemwi vibaya."

"Simsemi marehemu. Nasema koti."

Tulibishana juu ya koti lile hadi saa ya chakula. Nilikula nikibishana. Nilipotazama sahani, ilikuwa tupu, nami sikukumbuka kama chumvi ilikuwamo.

Siku nyingine alinigeuzia kibao.

"Wanafunzi wako walikuwa wanakuogopa?"

"Walikuwa wakiniheshimu."

"Nimekuuliza walikuwa wanakuogopa?"

Nikafikiri. "Ndiyo."

"Na siku hizi nani anakuogopa?"

"Jokofu," nikasema.

Alicheka hadi akakohoa, kikohozi halisi cha kicheko, na sote wawili tukashikwa na hofu ya kijiko, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu.

Nikaanza kulala hadi kunakucha. Miguu iliyokuwa imevimba ikarudi kwenye viatu vyake. Na jioni moja binti yangu alinifunga ule mkanda, akaitazama mashine, akaipigapiga kwa kidole kama saa iliyosimama.

"Baba! Imeshuka."

Akakimbia kuvuka korido. "Na ya Mama imeshuka!"

Mumewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Si ulisema? Dawa ya kikohozi, chakula bila chumvi, na kila mtu chumbani kwake."

"Utulivu," akasema binti yangu, macho yaking'aa. "Utulivu hasa. Wazee wanahitaji kimya."

Sikumsahihisha. Niliona kwamba mtu aliyepona hana haja ya kugombana na aliyemponya kwa makosa. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo ulikuja jioni ya pili. Mume wa binti yangu aliketi karibu yangu, akaweka mkono juu ya goti langu, lile goti bovu. Angekuwa mkatili ningejua la kumwambia. Lakini ni mtu mwema, na watu wema hawana mahali pa kushikwa.

"Baba, nimewaonea huruma ninyi wawili. Mnabanana. Mama hawezi hata kwenda jikoni kwa raha, anakuonea haya. Na wewe vilevile."

"Hatubanani."

"Usinifiche, Baba. Nimeongea na kaka yangu. Jumamosi nampeleka Mama kwake. Nyumba kubwa, ina uzio, iko nje ya mji. Hakuna kelele. Hata mbwa wao habweki."

"Nani atakuwa naye mchana?"

"Hakuna mtu!" akasema, kwa uso wa mtu anayekabidhi zawadi. "Peke yake kabisa. Atapumzika."

Mashine ya jioni ile ilionyesha tarakimu ambazo sikuwa nimeziona tangu enzi za jokofu. Binti yangu akasema ni msisimko wa furaha.

Kesho yake, milango yetu ilipofunguliwa kidole kidole, hakuna aliyetaja tanzia.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Nilishakaa kule, Mwalimu. Baada ya kumzika mume wangu. Wanatoka alfajiri, wanarudi giza. Nilikuwa nashona nguo, nikimaliza naifumua ili nipate ya kushona tena. Siku moja nilianguka jikoni. Nikalala sakafuni hadi waliporudi. Wakasema ni uzee."

Nikasogeza kiti karibu zaidi na mlango.

"Haukuwa uzee. Nilikuwa sijasema neno tangu mwanzo wa wiki. Nilipoanguka nilitaka kuita jirani. Sauti ikakataa. Ilikuwa imesahau njia."

Nikalikunja gazeti mara mbili, kisha mara nne.

"Sema nao," akasema. "Wewe ni msomi. Watakusikiliza."

"Nitasema nini, Mama? Kwamba mimi na mkwe wangu tunazungumza mchana kutwa wenyewe nyumbani?"

"Ni dhambi?"

"Si dhambi. Ni aibu. Watatufikiria vingine."

"Kwa umri huu? Watakuwa wametusifu."

"Mama!"

"Heshima si utumwa, Mwalimu. Chagua basi. Aibu au jeneza. Mimi la kwangu sitaki lishonwe mapema."

Nikanyoosha mgongo kwenye kiti. "Nitasema leo. Baada ya chakula cha jioni."

"Sema kwa ufupi."

"Nitajitahidi."

"Hutaweza," akasema, na akafunga mlango.

Jioni ile nilivaa tai. Niliomba sote wanne tukae sebuleni, na Mkwe aliitwa, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, macho sakafuni, mtandio umefunika kichwa. Begi lake lilikuwa tayari koridoni. Mume wa binti yangu alikuwa ameanza kulifunga kamba ingawa Jumamosi ilikuwa bado.

Nikasimama.

"Wanangu. Binadamu, kwa maumbile yake, ni kiumbe ambaye Muumba alimkusudia…"

"Baba," akasema binti yangu, "kaa kwanza nikupime. Uso umekuiva."

"Sijamaliza sentensi!"

"Kaa."

Nikakaa. Mashine ikanibana, ikaniachia. Akamwonyesha mumewe tarakimu. "Umeona? Kikao tu, imepanda."

"Sijaanza hata hoja ya kwanza!"

"Ndiyo maana usianze, Baba."

"Tunajua," akasema mumewe kwa upole. "Unataka kumuaga Mama. Tumeelewa. Usijitese."

"Kumuaga!" Nikaona hoja zangu zote, nilizozipanga vizuri tangu mchana, zinakimbia kama watoto kengele ikilia. Nikarukia ya mwisho. "Kile hakikuwa kikohozi!"

Wakanitazama.

"Kilikuwa nini?" akauliza binti yangu.

"Kilikuwa hodi."

"Hodi ya wapi?"

"Ya koridoni."

"Ulikuwa unapiga hodi kwa kukohoa? Kwa nani? Kwa nini?"

Nikafika kwenye taulo. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja halipo. "Ni… ni habari ndefu."

Binti yangu akamtazama mumewe. Najua mtazamo ule. Nimewahi kumtazama hivyo mwalimu wa hesabu wiki moja kabla hajastaafishwa. "Kesho," akasema taratibu, "nitampeleka kwa daktari wa kichwa."

"Nampelekaje Mama Jumamosi, na Baba yuko hivi?" akauliza mumewe.

"Mpeleke tu, tena kesho. Unaona mwenyewe, kelele kidogo tu anaanza kuweweseka. Kila mmoja awe mahali pake."

Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimegeuka ushahidi dhidi yangu. Niliposema, presha. Niliponyamaza, uzee. Nilipotaja ukweli, kichaa.

Ndipo Mkwe aliposimama.

Alivuka sebule. Hakukohoa. Akaja hadi kwenye kochi langu, akakaa. Katikati yetu akaweka mkoba wake, kwa maana heshima ni heshima.

Nilihisi kochi linazama upande mmoja. Nikaitazama dari.

"Mpime tena," akasema.

"Mama, nimempima sasa hivi."

"Mpime nikiwa hapa. Ikishuka, nabaki. Ikipanda, begi langu si liko koridoni? Nitaondoka leo leo na sitalalamika."

Mwanawe akashtuka. "Mama, afya ya mtu si mchezo wa karata!"

"Na mimi si mzigo wa Jumamosi. Mpime."

Binti yangu ni muuguzi. Hawezi kukataa kupima. Akanifunga mkanda mkononi. Nami, ndugu msomaji, nilijua tumekwisha. Mkwe yuko kando yako, bintiyo yuko mbele yako, taulo limening'inia juu ya vichwa vyenu vyote: moyo gani utashuka hapo? Wangu ulikuwa ukipiga kama wa mtoto aliyeitwa ofisini kwangu.

Mashine ikaanza kuvimba.

"Mwalimu," akasema Mkwe, kwa sauti ile ile ya mlangoni, "leo hukunisomea tanzia."

"Mama, usimsemeshe. Anayepimwa haruhusiwi kuzungumza."

"Yeye asizungumze. Mimi sipimwi." Akaendelea, kana kwamba tuko peke yetu na korido yetu. "Nimemfikiria yule marehemu wa koti la kuazima. Nadhani nimejua. Mwenye koti alihudhuria mazishi. Alikaa safu ya mbele. Na watu wote walidhani analia kwa ajili ya marehemu."

Kicheko kilinipanda kutoka tumboni. Nikakibana kwa meno. Nikafumba macho. Nilitulia kwenye kochi kama ninavyotulia kwenye kiti changu nyuma ya mlango, na kwa muda mfupi nikasahau walionizunguka.

Mkanda ukalegea. Mashine ikalia.

Binti yangu akainama kuisoma. Akafuta kioo chake kwa kidole gumba. Akaisoma tena.

"Ngapi?" akauliza mumewe.

"Subiri."

"Imepanda au imeshuka?"

Binti yangu aliigeuza mashine kifudifudi juu ya meza, akaifunika kwa kiganja. Kisha akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake, akautazama ule mkoba katikati yetu, na uso wake haukuwa tena wa muuguzi. Ulikuwa wa marehemu mama yake, aliyekuwa akinijua.

"Namba sitaitaja," akasema, "mpaka Baba aniambie ile hodi ilikuwa ya nini. Tangu mwanzo. Hata kama ni habari ndefu."

Nikalegeza tai. Nikafungua kinywa.

Na pale kando yangu, nyuma ya mtandio, Mkwe akakohoa.

Kikohozi kimoja, kidogo, cha adabu. Watoto hawakukielewa. Mimi nilikielewa, kwa kuwa kwa sheria yetu kikohozi cha kujibu kina maana moja tu: usitoke, kuna mtu njiani.

Lakini mimi nilikuwa nimeshashika kitasa.